Msusi wa Umm Salal

Waya za ile kompyuta zilikuwa zimesukwa. Mwanzoni Jeptoo alidhani mtu ameziviringa tu ili zitoshe kwenye boksi, lakini alipojaribu kuzikunjua aliona kwamba waya za umeme, za skrini na za kisoma disketi zilikuwa zimepishanishwa tatu kwa tatu, kwa ustadi, bila fundo hata moja, kuanzia kwenye plagi hadi mwisho. Alitumia dakika ishirini kuzitenganisha. Alipomaliza, vidole vyake vilinuka mkeka mbichi, kama majani ya mtende yaliyolowekwa usiku kucha.

"Nani amekuletea hii takataka?" Mwaura aliuliza.

Mwaura ndiye aliyekuwa msimamizi wa duka lao la kutengeneza kompyuta, mtaa wa Abu Hamour mjini Doha, lililobanwa kati ya dobi na muuza shawarma.

"Mama mmoja wa Umm Salal, anaitwa Umm Ghanim. Baba yake alifariki mwezi wa tano. Kuna programu mzee alikuwa akiiendesha humu, anataka iendeshwe tena."

"Si ununue laptopu mpya uhamishe?"

"Haihamishiki, Mwaura. Hii imetengenezwa miaka ya themanini. Ama nifufue hii, ama nitafute kitu cha kujifanya hii."

Kufufua hakukuwezekana. Kutu ilikuwa imekula ubao wa ndani hadi njia za shaba zikabaki kama ukungu wa kijani. Jeptoo akachomoa disketi mbili zilizokuwemo, akazinakili, kisha akaanza kuandaa emuleta, ile programu inayoifanya kompyuta ya leo ijidanganye kwamba ni ya zamani. Ilikuwa Jumatano, Agosti, joto la nje limefika mahali ambapo watu hawaliongelei tena. Alimwambia Umm Ghanim kazi itachukua saa mbili.

Ilichukua siku nzima, na haikuisha. Alianza na Windows ya dukani. Emuleta ilitaka nakala ya chipu ya asili ya mashine. Akaitafuta, akaipata, ikawa si ya toleo lile. Akapata nyingine, skrini ikawa nyeusi. Akabadilisha mpangilio wa nchi, skrini ikawa buluu bila herufi. Akabadilisha kibodi, herufi zikaja, zote zikiwa visanduku vitupu. Kila alichorekebisha kilivunja kingine. Saa kumi na mbili jioni Mwaura aliaga akamwacha akikodolea macho orodha ya mipangilio sitini na nne, nusu yake ikiwa imeandikwa maelezo na nusu haina.

Alhamisi saa tano na robo asubuhi, bila yeye kujua hasa ni mpangilio upi uliokubali, programu ya mzee iliwaka.

Haikuwa na kitu cha maana. Nyuzi tatu za mwanga zilianzia juu ya skrini zikawa zinasukana kushuka chini, taratibu, na zilipofika chini zilifumuka zote zikaanza upya. Spika ilitoa mlio mkavu kila uzi ulipopita juu ya mwenzake. Chwa. Chwa. Chwa. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja wa herufi za Kiarabu.

Jeptoo alipiga picha skrini akamtumia Umm Ghanim kwa WhatsApp. Jibu lilikuja upesi. Herufi ni za Kiarabu, Umm Ghanim aliandika, lakini maneno si Kiarabu. Yameharibika.

Basi tatizo ni jedwali la herufi, Jeptoo akajiambia, na akaingia tena kwenye mipangilio. Alijaribu jedwali la kwanza, la pili, la tano. Mstari haukubadilika. Kwa hasira akachagua jedwali la Kijapani, ambalo halina herufi hata moja ya Kiarabu. Mstari ulibaki palepale, herufi zilezile, zimetulia kama maandishi yaliyochongwa mlangoni. Akaduwaa. Ule mlio ulikuwa umeanza kumkera, akazima sauti. Chwa. Akachomoa spika. Chwa. Akainua kichwa kumtazama Mwaura, ambaye alikuwa ameacha kula na ameshikilia mkate wake hewani.

"Inatoka wapi hiyo?" Mwaura aliuliza polepole.

Kabla hajajibu, Windows ilijizima ili ikamilishe masasisho ambayo Jeptoo alikuwa akiyaahirisha tangu Jumapili. Mlio ukakatika. Dakika haikupita, simu yake ikalia.

"Ilikuwa inafanya kazi," alisema Umm Ghanim. Alizungumza Kiingereza cha shule nzuri, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia. "Ilianza saa tano na robo. Sasa imesimama."

"Ndiyo, Madam. Umejuaje?"

Nyuma ya Umm Ghanim, mbali kidogo na simu, Jeptoo alisikia mwanamke akilia kwa sauti ya chini, ya kuchoka, na juu ya kilio hicho mlio ambao sasa aliujua.

"Iwashe tena, binti yangu. Tafadhali."

Aliiwasha. Ikagoma. Mipangilio yote sitini na nne ilikuwa imerudi mwanzo, kwa kuwa katika siku mbili hizo hakukumbuka kuihifadhi hata mara moja. Alikaa akajilaani mwenyewe kwa Kikalenjin, taratibu, neno baada ya neno.

Ijumaa, siku ya mapumziko, ndiyo siku ya ibada kwa Wakristo wa Doha, na Jeptoo alikuwa kwenye kwaya. Saa tatu asubuhi, badala ya kupanda basi la kanisani, alikuwa amesimama nje ya jengo lao la Al Mansoura na mikoba miwili ya vifaa, akiingia kwenye gari jeupe lililotumwa na Umm Ghanim. Njiani hakuongea na dereva. Alikuwa amemkasirikia kila mtu: mzee aliyekufa bila kuacha maelezo, huyo mama asiyetaka kusema ukweli, na zaidi yeye mwenyewe, fundi wa miaka tisa aliyeshindwa na mashine iliyomzidi umri.

Nyumba ilikuwa ndani ya shamba la mitende, imezungushiwa ukuta mrefu. Umm Ghanim alimpokea mlangoni mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, abaya nyeusi, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Hakumkaribisha sebuleni. Alimpeleka moja kwa moja nyuma, kwenye chumba kilicho karibu na jiko, na alipofungua mlango ile harufu ya majani yaliyolowekwa iliwapiga usoni.

Kila kitu chenye uzi mle ndani kilikuwa kimesukwa. Pindo za pazia. Nyuzi za zulia. Waya wa chaja, kamba za viatu, mikono ya sweta. Katikati ya sakafu alikaa msichana mwembamba aliyejifunga leso, mbele yake shuka lililochanwa vipande virefu, naye alikuwa akivisuka ukili mpana ambao tayari ulikuwa umejikunja mara kadhaa kumzunguka. Vidole vyake vilifungwa kwa karatasi za shashi zilizolowa damu. Macho yake hayakuitazama kazi. Yalimtazama Jeptoo.

"Dada, wewe ni wa nyumbani?" aliuliza.

"Wa Iten. Naitwa Jeptoo."

"Mimi Hadijah, wa Kwale. Usinishike mikono, dada. Watu wakinishika inavuta kwa nguvu zaidi."

Jeptoo alichuchumaa mbele yake. Alikuwa amezoea kuona wasichana wa nyumbani waliochoka, lakini huyu mikono yake ilikuwa kama ya mtu mwingine aliyeketi nyuma yake na kuipitisha mbele.

"Ilianza lini?"

"Baada ya msiba. Walizima AC ya chumba cha Mzee, si hakuna mtu ndani? Mashine yake ikafa kwa joto na unyevu. Jioni ileile nikajikuta nasuka pindo za taulo." Alimeza mate. "Sijui kusuka mie. Kwetu nyanya alikuwa akisuka, mimi sikutaka hata kujifunza. Nakula nikilishwa, dada. Nalala ikichoka yenyewe."

"Wiki jana alimsuka mjukuu wangu," Umm Ghanim alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo. "Hakutaka. Alikuwa akimwomba mtoto msamaha huku anamsuka. Ngozi ya kichwa ilitoka damu."

"Na hospitali?"

"Tumekwenda mara mbili. Tumemleta na shehe akasoma. Shehe alipomaliza, shanga za tasbihi yake zilikuwa zimesukwa." Umm Ghanim aliingia chumbani. "Baba alikuwa akisema jambo moja tu kuhusu ile mashine: isizimwe. Sisi tulidhani ni uzee. Jana, ulipoiwasha dukani kwako, mikono ya Hadijah ilianguka. Ikalala mapajani dakika arobaini. Ndipo nikaelewa."

Hadijah akasema, "Tiketi yangu ya nyumbani ni ya Alhamisi ijayo. Mkataba umeisha. Nitapandaje ndege hivi?"

Jeptoo alikuwa na waya na mipangilio, na hasira yake, ambayo sasa ilikuwa imepata mahali pa kwenda. Akaomba meza.

Nyumbani humo mlikuwa na Mac moja ya kisasa, akaanza na hiyo kwa sababu ilikuwa na nguvu kuliko chochote alichobeba. Mac ilikataa kuifungua emuleta mpaka aende kwenye mipangilio ya usalama akairuhusu mwenyewe. Akairuhusu. Emuleta ya Mac iliita kila kitu kwa jina jingine: lililoitwa mashine kule dukani, hapa liliitwa wasifu, na faili za disketi zilitakiwa ziwe kwenye folda fulani ambayo mfumo ulikuwa umeificha. Kibonye kimoja cha mashine ya zamani, cha kuhamia Kiarabu, hakikuwa na mwenzake kwenye kibodi ya Mac, ikabidi akibuni. Jasho lilimtoka ingawa AC ilikuwa ikivuma. Nyuma yake mikono ya Hadijah iliendelea, chwa, chwa, na kila mlio ulimwingia shingoni kama sindano.

Saa tano kasoro, nyuzi tatu za mwanga zikateremka kwenye skrini.

Nyuma yake kukawa kimya. Aligeuka. Hadijah alikuwa ameinua viganja vyake mbele ya uso, akiviangalia kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibiwa. Kisha akanyoosha mkono, akachukua glasi ya maji mezani, akanywa mwenyewe, yote, bila kupumua. Umm Ghanim aliegemea ukuta akafunika uso kwa shela.

Hadijah alijikokota hadi kwenye meza, akatazama skrini, midomo ikichezacheza.

"Nani ameandika Kiswahili hapa?" aliuliza.

"Wapi?"

"Hapo chini. Ni Kiswahili cha kizamani, kwa herufi za chuo cha Kurani. Nyanya yangu alikuwa akiandika barua hivi." Akasoma taratibu, akifuata kwa kidole kutoka kulia kwenda kushoto. "*Nipa kazi, ama nipa mikono.*"

Siku mbili. Siku mbili Jeptoo alibadilisha majedwali ya herufi, akalaumu chipu na emuleta na akili yake, na hakukuwa na kitu kilichoharibika. Alitaka kucheka kwa uchungu, lakini nywele za mikono zilikuwa zimemsimama, kwa sababu alikuwa akitazama mstari wakati Hadijah anasoma na aliuona ukifutika herufi moja moja, kisha ukajiandika upya, mrefu zaidi.

"Sasa inasemaje?" alinong'ona.

"*Nani huyu anifunguliaye na kunifungia mlango?*"

Hapo Mac, ambayo haikuwa imeguswa kwa dakika kumi, ilififisha skrini yake ikalala. Glasi ilianguka kutoka mkononi mwa Hadijah. Vidole vilikuwa vimeshika nywele zake mwenyewe, na vilisuka kwa kasi ambayo Jeptoo hakuwa ameiona, vikivuta hadi nyusi zikainuka, huku Hadijah akisema, "Dada, dada, dada," bila kupaza sauti. Jeptoo aligonga kibodi, skrini ikarudi, mikono ikaachia. Akazima usingizi kwenye mipangilio. Baada ya robo saa alifungua dirisha jingine kutafuta maelezo, emuleta ikasimama yenyewe kwa sababu haikuwa dirisha la mbele tena, na mikono ikaanza. Akalirudisha. Akaondoa mpangilio huo. Kisha skrini ikajifunga ikadai nywila, na Umm Ghanim, kwa haraka, akaikosea mara tatu mpaka Mac ikajifungia kabisa. Kila kosa lilimtoa Hadijah nywele na ngozi, na kila mara mikono ilirudi na nguvu mpya, kama mtu anayebisha hodi akiwa amekasirika.

"Hii haitaki kufanya kazi ya namna hii," Jeptoo alisema. "Nahitaji mashine ambayo haitajiamulia kitu."

Kwenye mkoba wa pili alikuwa na laptopu yake kuukuu, nzito, yenye Linux aliyoiweka mwenyewe miaka sita iliyopita, isiyolala, isiyojizima, isiyofanya lolote bila ruhusa yake. Hapo hapakuwa na madirisha ya kubofya. Kila mpangilio ulikuwa mstari anaouandika kwa mkono ndani ya faili, na safari hii alihifadhi kila mstari kabla ya kuandika mwingine. Adhana ya Ijumaa ilisikika kutoka msikiti wa jirani, ikapita, hotuba ikaanza, ikaisha. Jua lilikuwa kali dirishani na chumba cheupe kwa mwanga, na ndani ya mwanga huo ile harufu ya majani yaliyolowa ilizidi mpaka ikawa nzito kama kitambaa, na Jeptoo, aliyekuwa akiandika huku ameinamisha kichwa, alihisi kwa hakika kwamba nyuma ya kiti chake, kati yake na ukuta ambako hakukuwa na nafasi ya mtu kusimama, palikuwa na mtu amechutama, anayesubiri kwa subira ya watu wanaofanya kazi za mikono, na kwamba akigeuka hatamwona, na akiendelea kutogeuka atakuwa hapo hapo.

Alibonyeza kitufe cha kuharakisha ili disketi isomwe upesi, programu ikawaka, mikono ya Hadijah ikaanguka, na wote watatu wakavuta pumzi.

Jeptoo alikuwa amesahau kurudisha kasi.

Hakugundua mapema. Alikuwa amemgeukia Hadijah, anamfungua zile shashi za damu. Umm Ghanim ndiye aliyesema, "Angalia." Kwenye skrini nyuzi hazikuonekana tena kama nyuzi, zilikuwa zikimiminika, msuko ukijaza na kufumuka, ukijaza na kufumuka, kazi iliyopangiwa miaka ikiisha kwa dakika, na Jeptoo aliporuka kubonyeza kitufe msuko ulikuwa umesimama wenyewe. Skrini ikasafishika. Maneno mapya yakatokea katikati.

"Hiki ni Kiarabu," alisema Umm Ghanim. "Ni maneno ya Baba." Akasoma, na Kiingereza chake kikamponyoka kidogo. "*Hesabu imetimia. Andika jina la mikono inayofuata.*"

Chini yake mstari wa Kiswahili ulijiandika. Hadijah alisoma bila kuombwa.

"*Huyu amechoka. Nipa mwingine.*"

Jeptoo alibonyeza kitufe cha kuendelea bila kuandika kitu. Swali likarudi. Akaandika herufi za ovyo. *Simjui huyu*, Hadijah akasoma. Akazima emuleta, akaiwasha. Swali lilikuwa limeshajiandika kwenye disketi, likaja la kwanza kabisa, na katika sekunde zile chache mikono ya Hadijah ilikuwa imeinuka na kushuka. Akamwomba Umm Ghanim jina la marehemu baba yake, akaliandika kwa Kiarabu, herufi kwa herufi, Umm Ghanim akimwonyesha.

Hadijah alisita kabla ya kusoma. "*Huyu hana mikono.*"

Kisha Umm Ghanim akatoka, akarudi na bahasha. Ndani yake mlikuwa na nakala ya pasipoti: msichana wa miaka ishirini na mbili, anatabasamu kidogo ingawa picha za pasipoti hazitaki tabasamu.

"Ndiye mfanyakazi mpya. Anafika Jumapili," Umm Ghanim alisema. "Anatoka Uganda. Anaitwa Ann." Hakumtazama Jeptoo usoni. "Mashine haitazimika tena, si ndiyo? Umesema hii yako haijizimi. Basi hatahisi kitu. Ni jina tu. Nitamtunza."

Na Jeptoo, ambaye kwa siku tatu hakuwa ametaka kitu kingine ila jambo hili liishe, aliweka vidole kwenye kibodi. Alifikiria kwaya. Alifikiria kulala. Alimfikiria Hadijah akipanda ndege Alhamisi na mikono yake mwenyewe. Aliandika herufi ya kwanza ya jina. Kiteuzi kikapepesa mara mbili, na nyuma ya kiti chake kitu kilisogea karibu kidogo, kama mtu anayeinama kusoma juu ya bega.

Akafuta ile herufi. Akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Siwezi, Madam."

"Nitakulipa upendavyo."

"Si hilo. Swali hili liliulizwa zamani pia. Na mtu alijibu."

Alifungua skrini ya pili ya kuandikia, akaingia kwenye nakala ya disketi, akapekua faili moja moja. Faili aliyoitafuta ilikuwa ndogo, ya nne kutoka mwisho. Akaifungua, akaigeuza laptopu kumwelekea Umm Ghanim, naye akaanza kusoma kwa sauti, jina na mwaka, jina na mwaka, kama mtu anayesoma kitu kisichomhusu. Zuwena. Kamala. Rosalinda. Sunita. Jerusha. Hadijah. Kisha akarudi kwenye jina la kwanza, akalisoma tena, polepole.

"Zuwena alinilea," alisema. "Alizaliwa nyumba hii. Mama yake ndiye aliyeletwa kutoka Sawahil, pwani ya huko kwenu. Aliniimbia kwa lugha hiyo yenu." Akagusa skrini. "Baba alinunua mashine nikiwa shule. Alisema ni kumpumzisha Zuwena na kusuka, na kweli kwa muda alipumzika. Lakini umeme ulikuwa ukikatika. Ilikuwa ikiharibika, inapelekwa kwa fundi wiki mbili, tatu. Siku hizo Zuwena alikuwa hashiki kikombe. Vidole vilikuwa vimejikunja hivi. Tuliambiwa ni baridi yabisi. Kamala tulimrudisha kwao kwa sababu alikuwa akiharibu mapazia. Mimi ndiye niliyemsema kwa Baba."

Hadijah alikuwa ameinama akitazama mikono yake, mmoja ukiwa juu ya mwingine, kama anayeizuia isimkimbie.

Umm Ghanim aliiweka ile nakala ya pasipoti ndani ya bahasha, akaifunga. Akamgusa Jeptoo begani ili ampishe. Alikaa kwenye kiti. Aliandika kwa vidole viwili, taratibu, kwa Kiarabu, si jina la heshima aliloitwa na watu bali jina alilopewa na mama yake, na jina la baba yake baada yake. Jeptoo aliona anachofanya na angeweza kumshika mkono. Hakumshika. Baadaye, kila alipojiuliza kwa nini, alijipa majibu tofauti.

Kitufe kikabonyezwa. Swali likatoweka. Hadijah alitoa pumzi ndefu ya ajabu, ya mtu aliyetua mzigo wa kichwani, akalala ubavu pale pale sakafuni juu ya ule ukili na kufumba macho. Lakini kabla hajafumba alisoma mstari wa mwisho, kwa kuwa alikuwa ameshazoea kuusoma.

"*Mikono hii laini. Haijafanya kazi.*"

Nyuzi tatu zikaanza kuteremka, kwa kasi yake ya zamani, kwa sauti yake ya zamani. Jeptoo alihifadhi mipangilio mara tatu. Akaiwekea laptopu betri ya akiba, akamweleza Umm Ghanim namna ya kuiwasha upya, akamwandikia kwenye karatasi. Umm Ghanim alisikiliza yote, viganja vyake vimetulia mapajani.

"Nimeelewa," alisema. "Sasa izime."

"Nizime, Madam?"

"Izime."

Jeptoo alimtazama kwa muda, kisha akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi. Vidole vya Umm Ghanim viliinuka kutoka mapajani, vikapapasa ukingo wa abaya kwa adabu, kama mgeni anayezoea nyumba, vikapata uzi, vikauvuta, vikapata wa pili na wa tatu. Alivitazama bila kupepesa. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Nje dereva aliwasha gari. Ukili mwembamba mweusi ulirefuka hadi magotini, ukaanguka sakafuni, ukaanza kujikunja.

"Niwashe?" Jeptoo aliuliza, kidole kiko kwenye kitufe.

"Bado," alisema Umm Ghanim.